Dereva amekutwa na bangi kwenye mkojo: naweza kumfukuza leo?

SWALI: Nasimamia madereva wa kampuni ya utalii hapa Arusha. Kabla ya msimu tuliwapima mkojo kwa vikombe vya kununua famasi. Dereva mmoja, ana miaka minne kazini, kikombe kilionyesha bangi. Anasema alivuta akiwa likizo kwao. Mkurugenzi anataka barua ya kumwachisha kazi itoke leo. Mkataba wake unasema tu: "Ulevi kazini ni kosa." Nifanyeje? (Meneja wa magari, Njiro)

JIBU: Ndugu meneja, barua hiyo isitoke leo. Lakini gari usimpe. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wengi wanayachanganya.

Kumtoa kwenye usukani ni wajibu wako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakubana wewe uliye mwajiri, na ndani ya gari kuna wageni saba. Msimamishe kwa barua ukiendelea kumlipa mshahara kamili wakati uchunguzi unafanyika. Kusimamisha mtu bila mshahara kabla ya kumsikiliza ni kumpa hoja ya bure.

Sasa angalia ushahidi wenyewe. Kikombe cha famasi ni kipimo cha kuchuja, yaani cha awali kinachohitaji kuthibitishwa maabara. Kwa kawaida dirisha la bangi (sehemu ya kikombe inayosoma bangi) huwekwa lionyeshe chanya kuanzia nanogramu 50 kwa mililita, na kusomeka kwake humpoteza asiyezoea: mstari ukitokea penye herufi T (ya kipimo chenyewe), hata ukiwa hafifu kama uzi, jibu ni hasi. Chanya ni pale mstari wa C (unaoonyesha kuwa kikombe kinafanya kazi) upo na wa T haupo kabisa. Mwulizeni aliyesoma aliona nini, na kama kuna picha iliyopigwa ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Kikombe kilichoachwa mezani hadi jioni hakina maana tena.

Hata kikiwa chanya kweli, kinachoonekana ni mabaki. Aliyevuta mara moja anaweza kuonekana kwa siku chache; mvutaji wa kila siku hata mwezi mzima baada ya kuacha. Kwa hiyo mkojo unathibitisha kwamba alitumia, hauthibitishi kwamba alikuwa amelewa kazini. Na mkataba wenu unakataza ulevi kazini. Hapo ndipo kesi yenu inapovuja: mnamshtaki kwa kanuni moja, ushahidi mlio nao ni wa jambo jingine. Kweli bangi ni kosa la jinai chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 2015, ila hilo peke yake halijazi pengo la kanuni zenu za kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki, na mwenye mzigo wa kuthibitisha ni mwajiri. Utaratibu uko kwenye kanuni ya 13 ya Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Chunguza kwanza. Mpe tuhuma kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, na kwa kawaida muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Kikao kiongozwe na mtu wa ngazi ya juu ambaye hakuhusika na tukio. Maana yake wewe uliyepima na mkurugenzi aliyekwisha kuamua, wote hamfai kukiongoza. Dereva ahoji mashahidi, atoe utetezi wa kupunguziwa adhabu, apewe uamuzi na sababu zake. Akiachishwa, ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kabla ya kikao, peleka sampuli maabara yenye mashine ya kuthibitisha. Kama ile ya kwanza ilimwagwa, pima upya kwa ridhaa yake ya maandishi. Chupa mbili zifungwe mbele yake, zisainiwe, joto la mkojo lisomwe ndani ya dakika nne (nyuzi 32 hadi 38), na kila mkono unaopokea chupa uandikwe jina na saa. Mwulize dawa anazotumia. Sharubati ya kikohozi yenye kodeini huweza kufanya dirisha la afyuni lisome chanya.

Kwa maoni yangu, kwa ushahidi huu onyo la maandishi na kumpima tena kabla ya kurudi barabarani kutasimama vizuri zaidi mbele ya Tume. Akikiri kwamba ameshindwa kuacha, lichukulieni kama suala la afya: ushauri na matibabu kwanza.

Kisha andikeni sera. Isiseme "ulevi" tu. Itaje vitu, viwango, nani atapimwa, lini, maabara gani, na kwamba kukataa kupimwa bila sababu ya msingi ni kosa linalojitegemea. Kila mtu asaini, na dereva mkongwe apimwe sawa na dereva mpya. Itajeni mirungi kwa jina: Kenya inauzwa wazi, kwetu ni marufuku, na Namanga si mbali. Vikombe vingi vya kawaida havina dirisha lake, kwa hiyo aliyekesha akitafuna atapita safi. Kwake mtahitaji fomu ya dalili inayojazwa na watu wawili papo hapo: macho, usemi, mwendo, saa.

Majibu ya vipimo yafungiwe, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayahesabu taarifa nyeti. Kama yamewekwa kwenye kundi la WhatsApp la madereva, yafuteni leo.