Maswali ya Wasomaji: Mkoba wa Shangazi Hauna Namba. Je, ni Feki?

Swali: Shikamoo, Mama. Shangazi yangu ameniachia mkoba wake wa Coach. Aliwahi kuniambia aliununua mpya mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni wa ngozi nene ya kahawia, ndani hauna bitana, na una kifungio cha shaba cha kuzungusha. Nimetafuta namba kila mahali sijaiona, ipo chapa ya jina tu iliyogandamizwa kwenye ngozi. Zipu ya mfuko wa ndani ni ya plastiki na inaonekana mpya. Rafiki yangu anayeuza mikoba ya mitumba ameniambia mkoba usio na namba ni feki. Kinachoniuma si mkoba, ni kuambiwa shangazi alidanganya. *Mpwa*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Namba si sababu ya kumtilia shaka shangazi yako. Coach ilianza mwaka 1941 kama karakana ndogo Manhattan, New York, na mikoba yake ya mwanzo haikuwa na namba. Namba zilianza kugongwa miaka ya 1970, pamoja na yale maelezo mafupi ya mtengenezaji yanayosomeka kwenye kipande cha ngozi ndani. Mkoba wa miaka ya 1960 ukiwa na namba ndipo mimi ningeushangaa.

Nimekaa kwenye benchi la kurekebisha mikoba miaka 27, na sijawahi kutoa hukumu kwa kitu kimoja nikabaki na amani. Ninachofanya ni kukiuliza kila kipande umri wake: ngozi, uzi, chuma, bitana, chapa. Kisha naangalia kama majibu yanalingana. Wako unajibu vizuri. Mikoba mingi ya zamani ya Coach haikuwekewa bitana. Upande wa ndani wa ngozi uliachwa wazi, na ukiupapasa una manyoya mafupi kama suedi. Kifungio cha kuzungusha kililetwa na mbunifu Bonnie Cashin, aliyeanza kazi Coach mwaka 1962. Kwa hiyo kifungio na tarehe ya shangazi vinakubaliana. Lakini mtu akikuletea mkoba wa Coach “wa miaka ya 1960” wenye kitambaa chenye herufi C nyingi, mrudishie hapo hapo. Kitambaa kile kilitoka mwaka 2001.

Sasa ngozi yenyewe. Waliitengeneza iwe laini na imara kama ile ya glavu za besiboli, bila kuizika chini ya rangi nzito. Bonyeza kwa kidole gumba karibu na kona. Ngozi halisi hujikunja mikunjo midogo inayotawanyika kutoka kwenye kidole, halafu inarudi taratibu. Tafuta mishipa, makovu ya ng’ombe, sehemu moja yenye vinyweleo vilivyobanana na nyingine vilivyoachana. Angalia ukingo uliokatwa, hasa kwenye ncha ya mkanda: ngozi inaonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana, lakini plastiki inaonyesha kitambaa chini na ganda juu. Uzee nao unatofautiana. Ngozi ikizeeka hukauka na kupasuka nyufa. Plastiki hubanduka vipande vyembamba kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Na tafadhali, usiijaribu kwa kiberiti. Nimepokea mikoba mizuri mno yenye alama ya moto kwenye kona, na alama hiyo haitoki.

Kwenye zipu nitakaa kidogo, maana hapo nina deni. Mwaka wangu wa 9 kazini mama mmoja aliniletea mkoba aliorithi. Nikaona zipu mpya na uzi wa rangi tofauti, nikamwambia bila kuugeuza mara mbili kwamba ni feki. Akaondoka nao kimya. Wiki chache baadaye ukaja mkoba wa aina ile ile, ngozi ile ile, chapa ile ile, na zipu yake ya asili. Nilimtafuta yule mama, nikamkuta ameshauuza kwa bei ya kutupa. Mpaka leo naukumbuka mkono wake ulivyoushika mlangoni.

Tangu siku hiyo nikiona zipu mpya kwanza nawasha tochi na kutafuta matundu. Fundi anapobadilisha zipu hawezi kupita kila tundu la sindano ya zamani. Pembeni ya mshono mpya hubaki matundu matupu, mengine yana vumbi, mengine yana kipande cha uzi wa kale. Yatafute kwenye mkoba wako. Ukiyaona, ujue shangazi aliupenda kiasi cha kuupeleka kwa fundi. Angalia pia mahali palipochakaa. Mkoba uliobebwa kweli unachakaa kona za chini, sehemu ya mkanda inayokaa begani, na shaba huliwa pale vidole vinapogusa. Uliozeeshwa kwa makusudi huwa umefifia sawasawa kila upande.

Swali: Habari za kazi, Mama. Kuna mtu ananiuzia mkoba wa Louis Vuitton aina ya Speedy 30, anasema ni ya mwaka 1998. Amenitumia picha tatu: mbele, nyuma, na namba iliyo ndani, SP2958. Anasema namba hiyo ndiyo uthibitisho. Mimi nimeogopa kwa sababu upande wa nyuma herufi za LV zimesimama kichwa chini. Anataka jibu kesho. *Mwenye Haraka*

Jibu: Nzuri, mwanangu. Usilipe, ila si kwa sababu ya herufi.

Speedy yenye herufi za LV hukatwa kutoka kipande kimoja kirefu kinachoanzia mbele, kupita chini, hadi nyuma. Ndiyo maana herufi zikisimama vizuri upande mmoja, upande wa pili zinapinduka. Zingekuwa wima pande zote mbili, ningekuuliza mshono wa chini unafanya nini pale. Na usiite ngozi. Mwili wa mkoba huo ni turubai lililopakwa tabaka la plastiki. Mapambo yale Georges Vuitton aliyabuni mwaka 1896, lakini turubai hilo la plastiki lilikuja mwaka 1959. Ngozi iko kwenye mikono ya kubebea, vishikizo na mikanda ya pembeni.

Namba ndiyo iliyonisimamisha. Kuanzia mwaka 1990 hadi 2006 Louis Vuitton waliandika herufi mbili za karakana na tarakimu nne. Tarakimu ya kwanza na ya tatu ni mwezi, ya pili na ya nne ni mwaka. Isome yako: 2 na 5, mwezi wa 25; 9 na 8, mwaka 1998. Mwezi huo haupo. Ingekuwa SP1918 ungesoma Novemba 1998, na herufi SP ni za Ufaransa, kwa hiyo chapa yake ndani ingepaswa kusema hivyo. Atakayekujibu kwamba 25 ni wiki, mkumbushe kwamba wiki zilianza kuhesabiwa mwaka 2007.

Nisingependa uondoke ukiamini namba sahihi inatosha, maana mtu anayeiga mkoba anaiga na namba. Tangu mwaka 2021 mikoba mipya haina hata namba hizo, ina chipu ndogo iliyofichwa ndani. Ukikutana na Speedy nyingine, omba picha ya mikono ya mkoba iliyopigwa karibu na dirisha, si kwa mwanga wa simu. Ngozi ile imedabaghiwa kwa magome ya mimea na haikupakwa kinga, basi jua na mafuta ya mikono huigeuza polepole kutoka rangi ya mchanga hadi ya asali. Baada ya zaidi ya miaka 25 mahali pa kushika panapaswa kuwa peusi zaidi ya pembeni. Mikono ikiwa myeupe, uliza kama ilibadilishwa, na hapo tena tafuta matundu. Ikiwa na hudhurungi moja tupu toka mwanzo hadi mwisho, imepakwa kitu. Omba pia picha ya kona zote nne za chini, ya upande wa nyuma wa zipu, na ya chapa iliyo ndani kwa ukaribu, O zake ziwe duara kamili na mguu wa L uwe mfupi. Muuzaji mwenye mkoba halisi hupoteza dakika 10 kupiga picha hizo. Anayekupa mpaka kesho, mwache aende nayo.

Swali: Nimenunua mkoba wa Hermès uliotumika, umekuja na kadi ya rangi ya chungwa ya kuthibitisha uhalisi. Mishono yake imenyooka kabisa, kila mmoja sawa na mwenzake. Nina siku tatu za kuurudisha. Niwe na amani? *N.*

Jibu: Hapana. Hermès hawatoi kadi ya uhalisi pamoja na mikoba yao. Kadi hiyo imeongezwa na mtu aliyetaka uache kuangalia mkoba. Kushona kwao ni kwa mkono, sindano mbili zikipishana kwenye tundu moja na uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, kwa hiyo kila mshono hulala kwa mshazari kidogo, na hapa na pale utaona mmoja umeinama kuliko jirani yake. Mishono iliyonyooka kama ya rula ni ya cherehani. Pakia mkoba pamoja na kadi yake leo, piga picha kabla ya kufunga kifurushi, na uurudishe kabla siku ya tatu haijaisha.