Mtungi wenye sura ya mtu: kwa nini wako ulipasuka tanurini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeona picha za mitungi ya kale ya Peru yenye sura za watu, utadhani inataka kusema. Nikajaribu kufinyanga kichwa kama hicho kwa mkono, kikapasuka tanurini. Wale hawakuwa na gurudumu, sasa walifanyaje? Na mbona sura zinajirudia? (Mfinyanzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba, dada. Nianze na hicho kilichopasuka. Wengi husingizia hewa iliyofungiwa ndani, lakini mara nyingi mkosaji ni maji. Udongo mnene hukauka juu tu; moto ukipita nyuzi 100, maji yaliyobaki hugeuka mvuke, yanakosa pa kutokea, kitu kinafumuka. Nashuku pua na kidevu ulivijaza udongo tele.

Wamoche, walioishi pwani ya kaskazini ya Peru takriban mwaka 100 hadi 800, walitumia kalibu, yaani umbo tupu la kukandamizia udongo ndani yake. Kwanza mfinyanzi alitengeneza kichwa cha mfano, akakifunika kwa tabaka la udongo, akalikata vipande viwili, uso na kisogo, kisha akavichoma vipande hivyo. Ndani ya kila kipande alibandika udongo bapa na kuusukuma kwa vidole mpaka uingie kwenye kope na mikunjo ya midomo. Ndiyo maana pua ya mtungi wa namna hii ina uwazi kwa ndani, na ukuta wake haupishani sana na wa shavu. Kalibu iliyochomwa hunywa maji, udongo unasinyaa kidogo, unaachia wenyewe. Vipande vikaungwa; ukipata mtungi uliovunjika, chungulia ndani uone mstari wa kiungo. Juu liliwekwa bomba lililopinda, miguu miwili ikikutana kwenye mdomo mmoja. Hapo mvuke una njia.

Kuhusu sura, kalibu moja ilizaa vichwa vingi, kisha kila kimoja kikapakwa rangi kivyake, nyeupe ya maziwa na nyekundu ya udongo. Ila si zote ni nakala. Mtafiti Christopher Donnan alitambua mtu mmoja mwenye kovu kwenye mdomo wa juu, anayeonekana kwenye mitungi zaidi ya 40, tangu akiwa mtoto hadi mtu mzima. Huyo hakutoka kwenye kalibu moja! Ukitaka kuona sura nyingi pamoja, tazama mkusanyo wa jumba la makumbusho la Museo Larco, Lima.

Kwa kazi yako, anza na kalibu ya plasta ya jasi, ni rahisi kuliko ya udongo. Acha tundu chini ili vidole vifike kwenye kiungo, ulizibe mwishoni, lakini juu pabaki wazi. Ukuta usizidi milimita 6. Usichukue kalibu kutoka kwenye kichwa kilichokwisha kuchomwa ukitarajia saizi ileile, maana udongo husinyaa tena, pengine kwa asilimia 10. Anika kivulini. Kabla ya kuchoma, kigusishe shavuni mwako: ukisikia ubaridi, bado kina maji, kirudishe kivulini.