Deni la trafiki kwenye gari nililonunua

SWALI: Shikamoo Mjomba. Nimenunua Noah iliyotumika hapa Morogoro. Juzi trafiki kaingiza namba kwenye mashine yake, kaniambia gari linadaiwa faini tatu za zamani. Wakati huo mimi hata gari sina! Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Faini hufuata namba ya gari, ndiyo maana zimekuangukia. Ingia kwenye tovuti ya TMS, mfumo wa Jeshi la Polisi wa faini za barabarani, andika namba ya gari lako, utaona madeni yake. Chukua mkataba wa mauziano, linganisha tarehe. Makosa yaliyotangulia mkataba ni mzigo wa muuzaji. Mpigie leo hii, mtumie picha ya ukurasa na namba za malipo, alipe kwa simu. Usimlipie kimyakimya, jasho lako lina thamani. Na risiti akutumie, uzitunze ndani ya gari.

Je, kadi ya gari umeshabadilisha TRA, Mamlaka ya Mapato, iwe na jina lako? Kama bado, nakusihi usichelewe. Wengine wanaonunua gari lililotumika wakague deni kabla ya kutoa hata shilingi.