Barua kwa mwanangu: naamka kwa ajili ya nini

Machame, Jumatatu jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa peke yangu kibarazani baada ya mama yako kwenda kukata majani ya ng'ombe. Umeniuliza mambo mawili kwa pamoja: kwa nini nimewakatalia wewe na kaka zako msinichangie nikatibiwe India, na ikiwa nimekwisha kubali kwamba siponi, ninaamka asubuhi kwa ajili ya nini. Swali la pili umeliombea radhi. Usiombe radhi, kwa maana kila anayekuja kunijulia hali huja nalo machoni, ila ni wewe tu uliyelitamka.

La India ni fupi. Saratani ya umio, hii ambayo hapa kijijini tunaiita kansa ya koo, ikiwahiwa hupasuliwa ikaondolewa, na laiti yangu ingewahiwa ningemuuza ng'ombe mimi mwenyewe na kupanda ndege bila kungoja mchango wa mtu. Yangu imekwisha kufika kwenye ini. Madaktari wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wameniambia jambo lile lile, na hata mionzi niliyopigwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, walinieleza mapema kwamba ni ya kupunguza uvimbe ili nipate kumeza, si ya kuniponya. Kaka yako mkubwa anazungumzia kuuza kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la ukoo. Mwambie kwamba babu zenu wamelala humo, nami nataka kulazwa humo humo bila kuwaachia deni.

La pili ni refu, na siwezi kulijibu bila kuungama kwanza. Ilianza kwa nyama ya Krismasi kunikwama, ikafuata ugali kutelemka kwa kusukumwa na maji, hatimaye ukabaki mtori peke yake, ule uji wa ndizi na nyama, na hata huo mama yako akawa anauchuja, nikawa nalishwa kama mzazi aliyejifungua jana. Miezi saba nilinyamaza. Mimi niliyepima kahawa ya wanachama kwa miaka 31, niliyeweza kugundua nusu kilo iliyopungua kwenye gunia kwa kulitazama tu, nilikaza mkanda tundu la tatu nikamwambia mama yako kwamba ni uzee. Jirani mmoja alinong'ona kwamba nimelogwa, na kwa aibu nakiri kwamba uvumi huo ulinifaa, kwa kuwa aliyelogwa haulizwi majibu ya maabara.

Mwezi wa kwanza baada ya kuambiwa hospitali kwamba ni saratani, sikuwa na sababu yoyote ya kuamka, na nisingekudanganya kwamba nilikuwa nayo. Maumivu ya mgongoni yalikuwa yamenifunga. Mtu mwenye maumivu ya namna ile hawazi maisha wala kifo, huwaza dakika inayofuata tu. Muuguzi wa tiba shufaa, tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, alipoleta chupa ya morfini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, niliikataa, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba ni dawa ya wanaokata roho na kwamba hulevya. Alikaa nami karibu saa nzima. Alinieleza kwamba wenzetu wa Uganda, mwaka 2004, walibadili sheria ili wauguzi waliosomea kazi hiyo waweze kuwaandikia wagonjwa dawa hii, maana waliona watu wakilia majumbani huku daktari yuko mbali. Akanieleza pia habari za Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi na baadaye akasomea udaktari, aliyefungua nyumba ya kuwatunza wagonjwa kama mimi jijini London mwaka 1967, na ambaye alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii hayako mwilini tu, bali yamo pia katika mawazo yake, katika nyumba yake na katika roho yake. Nikamuuliza: basi hata deni la kihamba ni maumivu? Akasema ndiyo, na andika hilo kwenye orodha ya maumivu yako.

Sasa mama yako ndiye karani wa chupa. Hunipa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 na saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku hunipa kipimo maradufu ili tuipite saa 8 ya usiku tukiwa usingizini. Siku tatu za kwanza nilisinzia kama paka, kisha kichwa kikatulia. Choo ndicho kinachosumbua, nami nina dawa yake na mapapai ya kutosha. Haya nakuandikia kwa urefu kwa sababu swali lako haliwezi kujibiwa na mtu anayelia kwa maumivu. Kabla ya morfini sikuwa na jibu.

Na jibu lenyewe lilikuja bila kutafutwa. Jumatatu moja nilikwenda kukaa kwenye benchi la chama cha msingi, nikamwona mzee mmoja anakunywa maji kila baada ya tonge, namna ile ile. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, hicho nakijua." Alikasirika. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani usiku. Nilimsindikiza hospitali kwa bodaboda, na sitakuambia alichoambiwa kwa sababu ni siri yake. Tangu hapo kila Jumatatu niko kwenye lile benchi, na watu sita wamekwisha kunifuata, wanne kati yao wakiwa na vidonda vya tumbo tu, Mungu ashukuriwe.

Huwaambia pia habari ya chai. Ugonjwa huu umezagaa upande huu wa Afrika, kuanzia Ethiopia na Kenya, kupitia kwetu hadi Malawi, na mwaka 2016 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, walitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Hakuna awezaye kuniapia kwamba ni chai iliyoniletea mimi. Nilivuta sigara pia ujanani, kama mama yako anavyopenda kunikumbusha. Lakini nawajua wanaume wa mlima huu tunavyojisifu kumaliza kikombe kabla mvuke haujaisha.

Kanisani huniombea uponyaji nami huitikia amina kwa moyo mmoja, ila nikirudi nyumbani naomba vitu vidogo zaidi: Jumatatu nyingine, usiku usio na kikohozi, kichwa chenye akili timamu nitakapozungumza na kaka yako juu ya mipaka ya kihamba. Zipo siku ambazo hata hivyo vinakataa, nami hugeukia ukutani na mama yako haniulizi kitu. Ukinipigia simu nisipokee, jua ni siku ya namna hiyo, upige kesho.

Usingoje Desemba kama ilivyo desturi yetu. Omba ruhusa kazini uje mapema, na zile fedha za mchango zirudishwe kwa wenyewe, isipokuwa kiasi kidogo uninunulie hapo Kariakoo kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka kwenye chakula, kinachofika nyuzi 100. Niliazima cha zahanati, lakini chenyewe huishia nyuzi 42, na wazee wa benchini hawaamini kipimo wasichokiona kwa macho yao.

Wako,
Baba