Sikutaja namba ya siri, na bado nilitapeliwa

Mimi ndiye ninayewawekea wazee wa ukoo wetu WhatsApp. Simu ikigoma, wananiletea. Kwa hiyo nilipotapeliwa kwa simu, kilichoniuma kuliko hela ni aibu, na aibu ndiyo iliyonichelewesha.

Ilikuwa saa nne asubuhi, nipo dukani nakunja vitenge. Ikaita namba ya kawaida, kijana mpole, nyuma yake nasikia watu wanaongea kama ofisini. "Habari za asubuhi mteja wetu," akanitaja majina yangu. Nikajua ni wa kampuni ya simu. Ningefikiria kidogo tu: mtu yeyote akijaribu kukutumia hela, jina lako linatokea kabla hajathibitisha.

Akasema ni fundi wa mtandao, eneo letu linaboreshwa, na laini isiyohamishwa itafungwa saa sita mchana. Hapo alinipata. Sisi tulioona laini zikizimwa Januari 2020 kwa kutosajiliwa kwa alama za vidole hatuhitaji kubembelezwa kuamini kwamba laini inaweza kufungwa. Foleni ile niliipanga, sikutaka nyingine.

Nilikuwa nimejiandaa aniulize namba ya siri nimtukane. Hakuuliza. Alisema, "Namba yako ya siri usimtajie mtu, hata mimi." Nikamwamini zaidi! Alichotaka ni nibonyeze nyota nyota 21 nyota, namba fulani aliyoiita ya mnara, halafu reli (#), nipige. Kisha nisiiguse simu kwa nusu saa, mfumo unajipanga.

Nilifanya hivyo. Simu ikaandika kitu kwa Kiingereza, ikatulia.

Huo si msimbo wa mnara wowote. **21* ni amri ya kawaida kabisa ya kuhamishia simu zako zote zinazoingia kwenye namba nyingine. Kuanzia hapo, kila aliyenipigia alikuwa anampigia yeye. Akafungua WhatsApp kwenye simu yake kwa namba yangu, na zile tarakimu sita za kuthibitisha akaomba azipate kwa kupigiwa badala ya ujumbe. WhatsApp wakapiga namba yangu, akapokea yeye. Ujumbe wenye tarakimu kama hizo uliniingilia mimi pia, nikadhani ndiyo mfumo unajipanga.

Ndiyo maana ule wimbo wa "usitoe namba ya siri" siku hizi nauona hautoshi. Swali la kujiuliza ni nani ameanza kupiga, na kwa nini anataka vidole vyangu vifanye kazi yake. Wengine hukuelekeza upakue programu kama AnyDesk ili "wakurekebishie" simu. Programu hizo ni halali, mafundi wanazitumia, lakini ukimfungulia mgeni anaona kioo chako chote. Hapa Tanzania namba ya huduma kwa wateja ni 100. Akipiga mtu kwa namba ya kawaida akadai ni wa kampuni, kata, upige 100 mwenyewe. Usimuage.

Turudi dukani. Tapeli alikuwa anawaandikia watu wangu: nina dharura, naomba unisaidie, laini yangu ina shida kwa hiyo tuma kwa namba hii. Shemeji yangu si mjinga, alipiga kwanza kuhakikisha. Akapokea mwanaume, akamwambia nimeingia kwenye kikao na nimeacha simu. Shemeji akatuma 150,000.

Aliyeniokoa ni mama mdogo. Alimtuma mtoto wa jirani mbio hadi dukani: "Bibi anauliza, mbona leo umemwomba hela bila shikamoo?"

Nilipoangalia WhatsApp ilikuwa imeshanitoa. Na hapa ndipo nilipokosea kuliko mwanzo. Karibu saa nzima nilihangaika kimyakimya, nikitaka kurekebisha kabla mtu hajajua. Shemeji alituma ndani ya saa hiyo. Ningeazima simu ya jirani na kupiga kelele kwenye kundi la familia na la kikoba, hela yake ingebaki.

Kwa hiyo ikikukuta, piga kelele kwanza, kwa simu ya mtu mwingine. Halafu piga ##002#, ambayo inafuta uhamishaji wote wa simu. Usianze na WhatsApp, maana simu ya kuthibitisha bado itaenda kwake. Ukishafuta, jisajili upya kwa namba yako, na ukiingiza tarakimu sita yeye anatolewa. Kama ameweka PIN yake ya hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada ambayo WhatsApp huiuliza baada ya zile tarakimu sita, utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN, lakini hata yeye hayumo tena. Ukiingia, weka PIN yako, na angalia vifaa vilivyounganishwa.

Aliyetuma hela apige 100 papo hapo, kwani ikiwa bado haijatolewa kwa wakala kuna uwezekano wa kuizuia. Yetu ilikuwa imeshatolewa. Namba ya tapeli tuliiripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, tukachukua RB (namba ya taarifa) polisi, na nikapiga *106# kuona kama kuna laini nyingine imesajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Haikuwepo. Namba ya siri ya hela nilibadilisha pia, ingawa hakuigusa.

Shemeji nimemlipa kwa awamu mbili. Alikataa ya pili, nikamwachia mezani.

Wiki iliyofuata akapiga mwingine, mwanamke safari hii, eti wa kitengo cha kurejesha fedha zilizoibwa, nitangulize 20,000 ya kufungua jalada. Ukishatapeliwa jina lako linazunguka, tegemea simu hiyo. Nilimuuliza kitengo chake kinapiga kutoka namba gani, akakata yeye.

Na mama mdogo ameweka sheria. Nikimwomba hela kwa ujumbe ananiuliza jina la mbuzi aliyekula daftari langu la darasa la tatu. Juzi nilikuwa na haraka nikasahau kumjibu, hakutuma.