Mdudu wa Jino, Chai ya Kidogo Kidogo na Maswali Mengine

Daktari, tangu utotoni naambiwa kuna mdudu anayetoboa jino. Yupo kweli?

Wa kutambaa hayupo. Waliopo ni bakteria, wanaoishi ndani ya ukoga, ule utando laini unaokwanguka kwa ukucha asubuhi. Ukila sukari au wanga nao wanakula, kisha wanatoa asidi inayoyeyusha madini ya enameli, gamba gumu la nje ya jino. Mate huizimua asidi hiyo na kurudisha madini, ila huchukua kama nusu saa hadi saa nzima. Asidi ikiyazidi mate nguvu, miezi nenda miezi rudi, ndipo jino linatoboka.

Peremende sili. Ni chai tu, kikombe nakinywa kidogo kidogo asubuhi nzima. Mbona magego mawili yametoboka?

Jibu liko hapo kwenye "kidogo kidogo". (Sukari hukuitaja, lakini nadhani imo.) Kila funda linaamsha asidi upya kabla mate hayajamalizana na funda lililotangulia. Vijiko viwili vya sukari ukivimaliza pamoja na chakula, jino linapigwa mara moja. Ukivitandaza kwa saa nne, halipati nafasi ya kupumua. Ndiyo maana mgonjwa akikaa kwenye kiti, huwa namuuliza kwanza anakula sukari mara ngapi kwa siku. Kiasi gani namuuliza baadaye. Magego nayo yana vijifereji juu, vingine vyembamba kuliko unywele wa mswaki, na ukoga hujificha humo. Kunywa chai yako, imalize, halafu ukiona kiu kunywa maji.

Nina doa jeupe kama chokaa karibu na ufizi. Haliumi. Nisubiri?

Usisubiri liume. Enameli haina mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu yakianza, mara nyingi shimo limeshafika ndani. Doa hilo linaonyesha madini yameanza kupungua ilhali uso wa jino bado mzima. Hapo floridi (madini ya kwenye dawa ya meno yanayoimarisha enameli) na kupunguza sukari vinaweza kulirudisha. Likishatoboka halijijazi lenyewe, litazibwa.

Napiga mswaki asubuhi tu, kisha nasukutua kwa maji mengi. Nakosea?

Unakosea mara mbili. Ukilala mate hupungua, hivyo mswaki wa kabla ya kulala ndio usiopaswa kukosa. Na ukisukutua unaitoa floridi uliyotoka kuipaka. Piga mswaki dakika mbili, tema povu, basi. Kwenye boksi la dawa ya meno tafuta floridi ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500.

Mwanangu ana miaka mitano, gego lake limeoza. Si litang'oka tu?

Litang'oka, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12, na katikati hapo anaweza kupata usaha na kukosa usingizi. Likitolewa mapema, meno ya jirani husogea na la ukubwani hukosa nafasi. Mpeleke. Nyumbani mpigishe mswaki wewe mwenyewe, dawa kiasi cha punje ya njegere (aliye chini ya miaka mitatu, punje ya mchele). Halafu akikaribia miaka sita, mchungulie nyuma kabisa: gego la kwanza la ukubwani huota pale bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi hudhani ni la utoto.