Maswali na Majibu: Uongozi katika Udahili wa Vyuo Vikuu

Swali: Mimi ni ofisa udahili na ninatamani kuwa mkurugenzi. Je, tofauti ni wingi wa maombi tu?

Hapana. Ofisa huangalia kama mwombaji ana sifa; mkurugenzi huulizwa kwa nini aliyepewa nafasi hakuripoti, au aliripoti kisha akaacha masomo mwaka wa pili. Jack Maguire, aliyeasisi mtazamo huu Boston College, Marekani, katika miaka ya 1970, aliona kwamba kuvutia waombaji, kuwadahili, kuwapa misaada ya ada na kufuatilia maendeleo yao ni kazi moja isiyofaa kugawanywa kati ya idara zisizozungumza.

Swali: Nimesomea sayansi. Je, nina nafasi?

Unayo. Maguire mwenyewe alikuwa mhadhiri wa fizikia.

Swali: Kwa nini vyuo hutoa nafasi nyingi kuliko viti vilivyopo?

Kwa sababu si kila anayechaguliwa huja. Tuseme programu ina viti 120, na kumbukumbu za nyuma zinaonyesha kwamba kati ya kila 100 wanaochaguliwa huripoti 40. Utatoa nafasi 300. Mwaka ambao wataripoti 50 katika kila 100, utapokea wanafunzi 150, na wale 30 wa ziada watakosa meza za maabara na vitanda vya bweni, ilhali hawana kosa lolote. Kwa hiyo toa nafasi kwa awamu, weka orodha ya akiba, na chunguza kila kozi peke yake, kwa maana wastani wa chuo kizima huficha mengi. Takwimu hizi zisimamie wewe mwenyewe, usimwachie mtaalamu wa kompyuta pekee.

Swali: Nifanye nini mkubwa akinitaka nimpokee asiye na sifa?

Jitayarishe kabla hajakuita. Vigezo viidhinishwe na seneti na kutangazwa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, kila uamuzi upitiwe na zaidi ya mtu mmoja, na sababu yake iandikwe kwenye faili. Akija, mwombe aandike ombi lake rasmi ili lipelekwe kwenye kamati. Naamini jambo hili kwa dhati, kwani kiti anachopewa huyo ni kiti cha kijana mwingine aliyekistahili.

Swali: Je, shahada ya uzamili ni lazima?

Vyuo vingi huitaka kwa ngazi ya ukurugenzi, hivyo ianze ukiwa bado kazini.